Belo Kubwa, Mlango Mdogo

Wapendwa, leo nawapeleka ofisini kwa fundi mmoja wa kompyuta. Msiwe na wasiwasi, sitawafundisha kompyuta. Hata simu hii, wanangu ndio wananiwekea mlio.

Fundi huyo alifanya kazi kwenye redio ya dayosisi moja, huko kwenye baridi. Kijana hodari, mcheshi, mkono mwepesi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu alikitaka kwa kifupi. Ukianza kumweleza shida yako, hujafika katikati, yeye keshajibu. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msimtazame jirani.

Basi redio ile ikanunua kompyuta mpya, fundi akapewa kazi ya kuhamishia humo vipindi vya zamani vilivyokuwa kwenye kanda. Akatia kanda ya kwanza, kompyuta ikaandika kosa. Akatia nyingine, kosa. Akasema hizi zimekufa, akazipanga kwenye maboksi zikachomwe Ijumaa.

Ijumaa haijafika, akaja mama mmoja mjane. Akaketi, akaanza polepole. "Mwanangu, marehemu mume wangu alikuwa akitangaza hapa kipindi cha wafugaji. Sasa alipofariki, mimi nilikuwa mjamzito, na mvua mwaka ule..."

"Kwa kifupi, mama, shida ni nini?"

Yule mama akaiacha habari ya mvua. "Naomba sauti yake. Mtoto anaoa Jumamosi, na hajawahi kumsikia baba yake."

Fundi akaingiwa na huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Akaitafuta kanda ya kipindi kile, akaitia, mama anaona. Kosa. "Imekufa, mama. Pole sana."

Mama hakuinuka. Alikuwa akiyatazama maandishi kwenye kioo. "Yote haya yanasema imekufa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nisomee yote. Kizungu sikijui, lakini nisomee, nijue nimeagana naye."

Fundi akaanza kumsomea, kwa heshima tu, ili mama wa watu aende zake. Na ndugu zangu, mstari ule hakuwahi kuufikisha mwisho hata siku moja. Akishaona neno "kosa", anaishia hapo. Kumbe mbele yake imeandikwa kwamba kilichomo kwenye kanda ni kikubwa kuliko nafasi iliyowekwa. Fundi akausoma tena peke yake. Masikio yalimwaka kwa aibu.

Niwaeleze nilivyoelezwa mimi. Kanda huhifadhi mambo kwa mafungu, kama mabelo ya mitumba. Belo likifungwa kubwa, litatoka kubwa, wala mashine hailifungui mlangoni ikupe shati mojamoja. Na ndani ya kompyuta kuna kitu kinaitwa kerneli, ndiye msimamizi anayeamua nini kipite na kwa ukubwa gani. Kerneli ya kompyuta ile mpya ilikuwa imewekewa mlango mdogo. Belo likifika linakwama, na wewe hupati hata uzi. Kanda zile zilikuwa nzima, zimejaa tele.

Fundi akabadilisha kipimo kile, akaupanua mlango. Akajaribu. Kosa! Mama akashika mkoba wake.

"Ngoja, mama, tafadhali," akasema. Alikuwa amekumbuka kwamba kerneli haishiki agizo jipya mpaka mashine izimwe, iwake upya. Akaizima. Wakakaa wawili hao wakingoja iamke, kisha akaitia kanda tena. Ndipo ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka: "Wafugaji wenzangu, mmeamkaje? Kama hujamkamua ng'ombe wako, nenda kamkamue kwanza. Mimi nitakusubiri."

Mama akacheka huku machozi yanamshuka. "Ndiye huyo," akasema. "Hakuwa na haraka yule."

Fundi akayarudisha maboksi yote ndani, akaenda nyumbani moyo mweupe. Mkewe akamtengea chakula, akaketi. "Baba Atupele, leo nilipita kwa mama, nikamkuta..."

"Kwa kifupi, hajambo?"

"Hajambo. Kula, kinapoa."

Fundi akamega tonge, likamganda mkononi. Miaka yote akisikia "hajambo", akisikia "hamna neno", akaamini kwamba ameoa mwanamke asiye na maneno. Akalirudisha tonge sahanini. "Mama Atupele, niambie yote." Mkewe akamtazama kwanza, aone kama anataniwa. Kisha akaanza. Ugali ukapoa, na hakuna aliyeujali.

Sasa sisi. Najua mmeshawaza mnada wa sadaka hapo nje, na jogoo yule mmemwona. Atangoja. Sisi nasi tuna maboksi yetu ya Ijumaa. Huyu mtoto hasemi na mimi. Yule mzee hana jipya. Hata Mungu, siku hizi kanyamaza. Nani kakuambia? Mstari uliufikisha mwisho? Mwenzako amebeba huzuni yake nzima, belo moja, nawe umemfungulia dirisha la kupitisha shati. Atakuambia nini zaidi ya "hamna neno"?

Na usidhani kuitikia amina hapa kunatosha. Fundi alibadilisha kipimo, mashine ikakataa vilevile, mpaka ilipozimwa. Kuna kelele ndani yetu ya kuzima kwanza.

Leo ukifika nyumbani, muulize mmoja tu habari zake. Akikujibu "hamna neno", usiondoke. Vuta kiti.