Bi Mize na Mkia wa Mbuzi

Palikuwa na Sultani mmoja, wa mji gani msiniulize kwa sababu bado nina ndugu huko, aliyewapenda mbuzi wake kuliko mawaziri wake. Mawaziri hawakulalamika. Walishawaona mbuzi wenyewe, wakajua wamezidiwa. Sasa Sultani akataka dunia nzima iwaone. Akaamuru ifunguliwe tovuti, kila mbuzi na picha yake, ndevu zimechanwa. Jina la tovuti liwe "mbuzi", basi, hakuna cha kuongeza.

Lakini jina la tovuti haliendi peke yake. Lazima nyuma yake pawe na nukta, na baada ya nukta pawe na neno la kulimalizia. Neno hilo watu wa mji ule walikuwa wakiliita mkia. Wenye maduka walichukua .duka, walimu walichukua .shule, na .enzi ulikuwa mkia wa Sultani peke yake. Akajipatia mbuzi.enzi. Yangeishia hapo, sote tungekwenda kulala.

Sasa katika mji huohuo alikuwapo Bi Mize, mjane, fundi wa mbuzi za kukunia nazi. Zile za mbao, za kukunja, unakalia huku na meno ya chuma yako kule. Yeye alikuwa na tovuti yake tangu Sultani hajajua tovuti ni kitu gani. Siku ya kuchagua mkia alihangaika sana. .duka hakuutaka, maana duka hana, kazi anafanyia barazani kwake. .ufundi aliuona mrefu kwa wateja wake, akina bibi wanaoandika kwa kidole kimoja huku wanakoroga mchuzi. Mwisho akachagua .jiko, akapata mbuzi.jiko, na mtu mwenye akili zake akisoma hivyo anajua ni mbuzi gani inayozungumziwa. Waliofika wakitafuta pilau hawakukosekana, lakini hao aliwaelekeza kwa jirani. Kwa jina hilo aliagizwa kazi hadi ng'ambo, na kwa jina hilo alikula yeye na wajukuu wake.

Balaa lilianza na mgeni mmoja mheshimiwa, aliyekuwa akiwatafuta mbuzi wa Sultani akaangukia kwa Bi Mize. Akasoma, akashangaa, akamwandikia Sultani kwa adabu zote. Aliuliza kama ni kweli mbuzi wake wanakunjika baada ya kutumiwa, na kama wanaweza kukaliwa na mtu mnene.

Sultani aliwaka. Akamwita Faki, karani wa majina, akamwambia kuanzia leo jina "mbuzi" na mikia yake yote, iliyochukuliwa na isiyochukuliwa, ni mali ya Sultani. Faki akaandika. Bi Mize kufungua simu yake, anamkuta beberu kavaa utepe. Wiki nzima hakuna aliyeagiza hata mbuzi moja. Mama wa watu aliumia, tena aliumia kweli. Akalia, akanyamaza, akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya kwenda kwa Sultani.

Alipofika aliamkia kama inavyopasa, akaeleza shida yake. Sultani akamjibu kwamba mbuzi wote wa nchi hii ni wake.

"Wa malishoni ni wako, Maulana," akasema Bi Mize. "Yangu haili majani."

"Mbuzi ni mbuzi."

"Basi kesho mpishi wako akunie nazi kwenye pembe."

Mawaziri wakakohoa. Mnakijua kikohozi cha mawaziri. Sultani, ambaye hakuzoea kujibiwa, akaona kumfukuza tu huyu mwanamke haitoshi, bora achekwe kwanza. Akasema yeye si dhalimu. Bi Mize ataje mkia wowote autakao. Kama kitu kinachotajwa Sultani hana, mkia huo uwe wa Bi Mize na jina lake alitundike hapo milele. Kama Sultani anacho, Faki aandike na aliyekosa atafute mwingine. Akaapa mbele ya watu wote. Hila yenyewe mnaiona: Sultani akisema anao, nani wa kumwambia hana?

"Soko," akaanza Bi Mize.

"Soko ninalo. Faki, andika."

"Minazi."

"Ninayo."

"Kisima."

"Ninacho."

Mawaziri wanacheka, wanapigana mabega. Bi Mize hakucheka wala hakununa. Alikuwa akimwangalia Sultani mdomoni, akaona kwamba raha imemkolea, sasa anajibu hata neno halijaisha. Akaongeza mwendo.

"Kitambi."

"Ninacho."

"Upara."

"Ninao."

Hapo watu wakaanza kukitazama kilemba, kisha wakatazama chini. Faki akaandika upara. Sultani hakugutuka, alikuwa ameshanyoosha kidole kungoja unaofuata.

"Aibu," akasema Bi Mize.

Sultani akafungua kinywa, kikabaki wazi. Faki alingoja na kalamu yake, akangoja tena, kisha akauliza kwa sauti ya kazi tu, kama anayeuliza tarehe:

"Niandike Maulana hana aibu?"

"Ninayo," Sultani akadakia. "Nani kasema sina? Aibu ninayo, tena tele."

Bi Mize akainamisha kichwa kwa heshima.

"Aibu unayo, Maulana, na jina langu bado unalo?"