Mfalme Hainami Mbele ya Kamera

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa sinia la mtama!

— Na njaa ikakaa kando ikimeza mate!

Basi alikuwepo Chiriku, mama wa makinda, mwili kama ndimu, maneno gunia zima. Uani kwa Bi Rukia, mpenda ndege, palikuwa na sinia la mtama juu ya nguzo, na kamera mbele yake. Kila Jumamosi majirani waliojitolea walikusanyika barazani, wakatazama video na kusema kila ndege ana tabia gani.

Lakini sinia lilikuwa na mwenyewe: Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Njiwa akija, Hondohondo kwaa! Njiwa huyo! Mnana akija, kwaa! Mnana huyo! Chiriku akija, kwaa! Na unyoya juu. Kiotani makinda wakalia chii, chii, sauti zikizidi kufifia. Chiriku akaingiwa na uchungu, akarudi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mtama sitoi."

"Nani kataka mtama? Natoka barazani mie. Wale watu wanamtafuta mfalme wa ndege."

Hondohondo akaacha kutafuna. "Watamjuaje?"

"Husimama mbele ya kamera, kifua mbele, mbawa wazi. Tena hainami. Mfalme hainami, mjomba. Kuinama na kudonoa ni kazi yetu sisi makabwela."

Hondohondo akasimama. Kifua mbele, mbawa wazi, mdomo juu. Nyuma yake Njiwa do! do! do! Mnana do! do! do! Chiriku akajaza mdomo, puruu! kiotani, akarudi, puruu! tena, mpaka makinda wakashiba wakalala. Tumbo la Hondohondo likanguruma, ngurrr! Hakuinama.

Jumamosi ikafika. Hondohondo na Chiriku wakatua dirishani kusikiliza.

"Jamani, mtazameni Hondohondo!" Bi Rukia alisema, akifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Anawakinga wadogo wakila!"

"Na mwenyewe hagusi hata punje," akasema jirani yake, Mzee Shekigenda. "Huyu ni baba wa ndege wote."

Hondohondo akavimba kwa fahari. "Umesikia? Mimi ni baba! Sasa nikale."

"Ala! Baba hali mpaka watoto washibe, mjomba."

"Na watoto hushiba lini?"

"Hilo," akasema Chiriku, "ndilo wanalolichunguza."

Hadithi imetua hapo. Ikiwa na punje, donoeni. Ikiwa makapi, pulizeni.

Na funzo lake, wanangu: ukarimu mtu huzaliwa nao, na kamera haidanganyi kamwe.