Baba Aliyechagua Shule kwa Wastani

Wale wa nyuma songeni mbele kidogo, kuna nafasi. Leo nawapeleka shuleni, na ninavyowajua wazazi wa hapa, habari za shule hazijawahi kumsinzisha mtu.

Kulikuwa na baba mmoja, mkulima wa viazi, katika kaunti ya mashambani kama hii yetu. Alikuwa na binti mmoja aliyekuwa amemaliza shule ya msingi, na alimpenda kweli. Akasema hatampeleka popote hivi hivi. Akavaa koti lake la harusi, akazunguka kaunti nzima akilinganisha shule za upili za serikali. Kila alikofika alikuwa na swali moja: "Wastani wenu wa mtihani wa kitaifa ni ngapi?" Hakuuliza watoto wanakula nini. Hakuuliza nani huamka usiku wakiugua. Wastani tu, kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kuuliza lita za maziwa peke yake. Mbona mnacheka? Mnajijua.

Alianzia shule ya kutwa iliyo karibu na kwake, kwa sababu ilikuwa njiani. Mwalimu mkuu wa pale, mama mmoja mtulivu, hakumficha.

"Mzazi, wastani wetu uko chini. Sisi tunapokea kila anayekuja."

"Hamchuji?"

"Hatuchuji."

Baba akaaga haraka haraka. Njiani alikuwa akijisemea, "Hiyo ni shule ama ni soko?"

Akafika shule ya bweni iliyokuwa ikiongoza kaunti. Maua langoni, vikombe vya ushindi ndani ya kabati la kioo. Mwalimu mkuu akamwambia, "Hapa kwetu, mzee, hakuna mtoto anayepata alama ya chini kama D. Hata mmoja." Nusura baba apige magoti. Akampeleka bintiye huko, na sokoni kila mtu akachoka kusikia jina la shule hiyo.

Sasa nisikilizeni. Kuna swali alilolisahau. Wale watoto ambao wangepata D, walienda wapi?

Jibu baba alilipata wakati binti alipokuwa akimaliza kidato cha tatu. Hesabu zilikuwa zimemlemea, na kemia pia. Mzazi akaitwa. Akaletewa chai na mkate wenye siagi, kisha mwalimu mkuu akazungumza naye kwa upole kabisa.

"Mzee, mtoto wako ana nidhamu, hatuna shida naye. Lakini usajili wa mtihani unakaribia. Tunakushauri umtafutie shule nyingine, asajiliwe huko."

"Kwani amekosa nini?"

"Hajakosa. Ni kwamba atatushusha."

Baba akatoka na sanduku la bintiye begani, binti akimfuata nyuma huku akilia. Wakabisha hodi shule hii, wakabisha hodi ile. Kila mahali waliulizwa alama kwanza, kisha wakaambiwa nafasi zimejaa. Na usajili ukimpita, mtoto hafanyi mtihani, na miaka yake yote ya shule imeenda bure. Ndipo baba akameza aibu yake akarudi kwenye ile shule ya kutwa.

Yule mama alimtazama msichana, akamuuliza, "Umekula?" Baba hakuweza kungoja.

"Mwalimu, nisikufiche. Huyu atawashusha."

"Najua. Kila mwaka kabla ya usajili huletwa wengine kutoka kule kule. Nikiwafungia lango, mtihani wataufanyia wapi? Kesho aje na kiti kutoka nyumbani, maana vyetu havitoshi."

Mwaka uliofuata matokeo yakatoka. Ile shule ya bweni ikaongoza tena. Basi lao likapita sokoni likipiga honi, limefungwa matawi, na nyuma yake mwalimu mkuu akibebwa juu juu. Baba alikuwa amesimama kando ya magunia yake ya viazi. Muuza vitunguu aliyekuwa jirani yake akamwambia, "Umeona? Ile ya kutwa imeshuka tena. D zimejaa. Wale watu hawajui kufundisha."

Baba akamjibu, "D moja kati ya hizo ni ya mtoto wangu. Ndiyo inayompeleka chuo cha ufundi. Wale wameshuka kwa kumbeba, na hawa unaowapigia makofi walipanda kwa kumtupa." Akalia pale pale sokoni, mtu mzima.

Sasa turudi kwetu. Wageni kutoka makao makuu ya kanisa walitutembelea, wakasema ushirika wetu unaongoza eneo hili lote. Hakuna mlevi, hakuna waliotengana na wake zao, hakuna msichana aliyejifungua akiwa bado kwa wazazi wake. Tulipiga makofi mpaka madirisha yakatetemeka. Wapendwa, watu hao walienda wapi?

Yule kijana aliyekuwa akitupigia ngoma kabla pombe haijamshika, nani alimwambia apumzike kwanza? Yule dada tuliyemvua sare ya kwaya tumbo lilipoanza kuonekana, anaabudu wapi siku hizi? Hatukuwafukuza kwa ukali. Tuliwashauri kwa upole, na chai tukawapa. Nasikia wengi wao wako kwenye kile kikanisa cha mabati ng'ambo ya mto, ambacho sisi hukicheka. Naumia nikisema hivi, lakini nyinyi ni watu wangu na sina wengine wa kuwaambia.

Leo ibada ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nitakuwa nimeanza safari ya kwenda kwa yule dada, na sare yake nitakuwa nimeibeba. Yeyote aliye tayari tushuke kama ile shule ya kutwa, tufuatane.