Sufuria Isiyompikia Mwoga

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa sufuria!
Ya nani?
Ya mwenye njaa, asogee!

Hapo kale, kale ya ukungu, nchi ya Eire ilikuwa na vitu vinne vitakatifu. Upanga, ndio haki. Mkuki, ndio ushindi. Jiwe linalolia likikanyagwa na mfalme wa kweli, ndilo utawala. Na sufuria ya shaba, pana kama zizi, ndiyo ukarimu: haikuishiwa chakula, ila haikumpikia mwoga.

Mwaka mmoja shayiri ikaoza shambani, njaa ikaingia. Muirini, mama kijana, maziwa yakamkauka kifuani, na mwanawe Fiaka akalia mpaka sauti ikakatika, ikabaki pumzi tu. Na huyo Muirini alikuwa mwoga wa kutajika! Aliogopa radi, aliogopa bata bukini, aliogopa hata kivuli chake kikirefuka. Atakwendaje kwenye sufuria?

Akaenda mwenye upanga. Kunguru, mlinzi wa sufuria, akauliza, "Kraa! Unaogopa?"

"Mimi? Thubutu!"

Maji yakakaa baridi.

Akaenda mwenye mkuki. "Kraa! Unaogopa?"

"Mimi? Sijui hata hofu ina rangi gani!"

Maji yakakaa baridi.

Akaenda mfalme mwenyewe. "Kraa! Unaogopa?"

"Mimi? Kamuulize mke wangu!"

Baridi, baridi ya jiwe.

Basi Muirini akamfunga Fiaka mgongoni, akatoka mbio kwenda kwenye sufuria, asije akabadili nia.

"Kraa! Mama Fiaka! Mbona meno yanapiga ngoma? Unaogopa?"

"Naogopa! Naogopa, ndugu yangu, naiogopa hiyo sufuria, nakuogopa wewe na hilo domo lako, lakini huyu asipokula naogopa zaidi, basi nimekuja, inipikie au inimeze, tumalize!"

Gulu! Gulu! Gulu! Sufuria ikachemka.

Kunguru akacheka hadi manyoya yakamdondoka. "Wale watatu wameiogopa hata hofu yao wenyewe. Pakua, mama!"

Muirini akamlisha Fiaka uji, kijiko, kijiko, kijiko, mpaka mtoto akacheua. Kisha akaita kijiji kizima. Wakala, wakacheza, na wale mashujaa watatu nao wakapewa bakuli.

Jasiri, jamani, ni yule anayetetemeka huku anakwenda.

Na mashujaa? Wamepewa kazi ya kusugua masizi, na sufuria isiyoishiwa chakula haishuki motoni. Wanasugua hadi leo.

Hadithi yangu imefika ukokoni. Ikiwa tamu, ramba mwiko. Ikiwa chungu, kaongeze sukari kwenu!