Mvua Tatu za Daktari Sechelela

"Mbegu haisifiwi kwa mvua moja." Mmeisikia kituoni, mkaipenda, na sasa mnataka kujua nani aliitamka kwanza. Kaeni basi. Msidhani ni ya mababu. Ina umri mdogo kuliko ndevu zangu, nayo ilipatikana kwa uchungu.

Asili yake ni hii. Katika kituo cha utafiti wa mtama, huku kwetu Ugogoni, alikuwepo Daktari Sechelela Chiwanga. Kwa miaka kumi na tisa hakumpa mkulima mbegu mpya kabla ya kuipanda misimu mitatu katika shamba la majaribio. Wakulima walimbembeleza, wakamnunia, hata wakamwita mchoyo. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Bado mvua mbili." Mvua ikiwa njema, alisema, hata mbegu mbovu huzaa.

Mwishowe akachoka kungojea fedha za utafiti zisizofika. Hesabu alikuwa anaziweza, akahamia Dar es Salaam kununua na kuuza hisa. Mwaka wa kwanza kila alichonunua kilipanda bei. Sifa zikamlevya, maana msomi naye ni mtu. Akafungua ofisi ya kuwawekezea wengine.

Mzee Ndahani, aliyemtunzia shamba la majaribio miaka yote ile, alimpelekea kiinua mgongo chake chote. Alitaka kizae, achimbe kisima, mkewe apumzike kufuata maji korongoni. Hakuuliza swali hata moja. Angeuliza nini, naye alimjua mama huyu kuwa hatoi kitu asichokijaribu?

Mwaka wa pili bei zikaanguka. Sechelela akangoja zipande kama mwaka uliopita. Hazikupanda, na fedha za mzee zikayeyuka karibu zote.

Alisafiri mwenyewe kwenda kumwambia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Daktari, kazi hii uliijaribu mvua ngapi?"

Matokeo hakuwahi kuyaghushi. "Moja, baba."

"Ningekuwa mkulima, ungenipa?"

"Nisingekupa."

Mzee akainamisha kichwa. "Kumbe safari hii shamba la majaribio nilikuwa mimi."

Hakumtukana wala hakumshtaki, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Sechelela akafunga ofisi, akawa ananunua hisa kwa fedha zake tu. Baada ya miaka miwili akapata mwaka wa neema, faida yote akampelekea Ndahani. Kisima kikachimbwa. Lakini mke wa mzee alikuwa ameshazikwa, pale pale pembeni mwa ua.

Siku maji yalipotoka, vijana wa kituoni walimzunguka Sechelela na akiba zao mkononi.

"Daktari, mwaka huu umevuna. Chukua na zetu."

Alilitazama kaburi lile kitambo. Kisha akawafumba vidole, mmoja mmoja, juu ya fedha zao.

"Rudini nazo nyumbani, wanangu," akasema. "Mbegu haisifiwi kwa mvua moja."