Mikono ya Pandu kwenye Sinia la Sultani

Palikuwa na Sultani mpya aliyetaka mbingu safi, ila wa kuzisafisha wawe wengine. Jina lake Ghalibu. Yule aliyemtangulia alikata mikoko ya bondeni akauza boriti, bahari ikapata njia, na maji makuu yakija watu waliamka wakakuta samaki uvunguni. Watu wa bondeni wakatoka na sufuria, wakazipiga mbele ya jumba lake mpaka akahama mji. Ndipo Ghalibu akaja na maneno matamu.

"Utawala wangu ni wa haki," alisema. "Mikoko itarudi, na moshi wa matanuu utakoma."

Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo.

Matanuu yenyewe ni ya chokaa. Unapanga magogo ya mikoko, juu yake unamwaga matumbawe, unawasha, na moto unakula usiku na mchana. Ghalibu alipokwisha kukaa kwenye kiti, aliona jumba ni dogo. Akaanza kujenga jingine. Jumba linataka chokaa, chokaa inataka tanuu, tanuu linataka mikoko. Hata ile michache iliyokuwa inachipua ikaenda. Watu wakakohoa. Wakaanza kuzitazama tena sufuria zao.

Waziri akampa Sultani shauri. Asubuhi yake mpiga mbiu akapita mitaani: "Kila jiko la bondeni lizimwe! Moshi msioufukiza ninyi utafuta moshi anaoufukiza Sultani. Hivyo Sultani atakuwa safi, na mji utakuwa safi."

Huko bondeni alikaa Pandu, muuza kahawa. Jiko lake la makaa lilibebeka kwa mkono mmoja, lakini watoto wake wote walikula kwa jiko hilo. Moto mwingine alikuwa nao ulimini. Askari walikuja, wakalimwagia maji, wakaondoka nalo. Pandu akawafuata mpaka barazani kwa Sultani.

"Bwana Sultani, nimekuja kuulizia jiko langu."

"Jiko lako linanisafisha."

"Limezimwa, Bwana."

"Ndiyo maana linanisafisha."

"Na tanuu lako, bado linawaka?"

"Linawaka. Lakini wewe umezima kwa niaba yangu. Kwa hiyo ni kama haliwaki."

"Na hiki kikohozi changu, Bwana, nacho ni kama sikohoi?"

Waziri akaingilia. "Pandu, mambo haya yanataka elimu."

"Basi leo nimesoma," alisema Pandu, akatoka kinyumenyume kwa adabu zote.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mji ule ulikuwa na desturi yake. Sultani mpya hakuhesabiwa kuwa Sultani mpaka ale sinia moja na watu wa mitaa. Kila mtaa ulitoa mtu mmoja, wakakaa chini pamoja naye, wakamega pamoja. Mtu wa mtaa akiondoka bila kula, mtaa huo umemkataa Sultani. Kwa hiyo siku ile hakuna mgeni aliyeweza kufukuzwa, hata angekuwa na kiburi namna gani. Siku ya Ghalibu kula sinia hilo ilipofika, watu wa bondeni wakamchagua Pandu.

Asubuhi ya karamu Pandu hakwenda kuoga. Alikwenda topeni kupanda miche ya mikoko, na kutoka huko akaingia moja kwa moja jumbani, tope mpaka viwikoni. Akakunja miguu, akakaa katikati ya Sultani na Shaame, fundi cherehani aliyetumwa na mtaa wa juu.

Sinia la pilau likaletwa. Mtumishi akapita na birika na bakuli. Sultani akanawa. Shaame akanawa.

"Nawa tena, ndugu yangu," Pandu alimwambia Shaame.

Shaame alishangaa, lakini akanawa tena. Birika ilipomfikia Pandu, akarudisha mikono nyuma.

"Pita tu, mwanangu. Mimi tayari."

Akaunyoosha mkono kwenye sinia, tena upande wa Sultani, kwenye nyama. Sultani akaudaka. Kisha akaviangalia vidole vyake mwenyewe, navyo sasa vina tope.

"Una wazimu wewe? Na tope lote hili?"

"Tope gani, Bwana? Shaame amenawa mara mbili. Moja yake, moja yangu."

"Mikono ya Shaame ni ya Shaame!"

"Lakini amenawa kwa niaba yangu. Ni kama nimenawa."

Waziri akashikwa na kikohozi, na humo ndani hamkuwa na moshi.

"Kama haijatosha, ataongeza," Pandu aliendelea. "Shaame, ndugu yangu, utaweza?"

"Ngozi imeanza kulegea," alisema Shaame, "lakini kwa ajili ya majirani nitavumilia."

Wageni wakalitazama pilau. Lilikuwa linapoa, na hapana aliyemega.

"Pandu," alisema Sultani, na subira imemwisha, "hata Shaame akishinda kisimani kutwa, tope lako liko palepale vidoleni mwako, na sisi sote ndio tutakaolila. Aliyechafuka ndiye anayenawa. Jambo hili hata mtoto analijua."

"Ndiyo hukumu yako, Bwana?"

"Ndiyo hukumu yangu."

"Mbele ya mitaa yote?"

"Mbele ya mitaa yote. Sasa nawa, tule."

Pandu akaiweka mikono yake juu ya bakuli. Akanawa taratibu, kidole kwa kidole, mpaka maji yakadondoka meupe. Kisha akaichukua birika, akaitikisa, akasikia bado ina maji, akamrudishia mtumishi.

"Umemsikia Bwana," akamwambia. "Haya yaliyobaki, yapeleke tanuuni."