Jumbe Mahona Adai Asali

Maua yalikuwa yamekwisha na nyuki wamegeuka wakali kupindukia. Hata hivyo Jumbe Mahona alifika na watu wake, akamwambia Nyamizi, mfuga nyuki, arine asali yote.

"Miti ni yangu, asali ni yangu!"

"Sawa, Jumbe wangu."

Nyamizi alipanda mtini akiwa amejizungushia moshi, akafungua mzinga. Nyuki wakawamiminikia waliokuwa chini. Jumbe akajitumbukiza kwenye pipa la maji.

"Wanamtafuta mwenye asali!" Nyamizi alipaza sauti. "Wakanushie, Jumbe!"

"Si yangu!" Jumbe alilia.

"Hawajasikia! Ni ya nani?"

"Ya Nyamizi! Yote ya Nyamizi!"

Nyamizi akapuliza moshi mwingi mpaka nyuki wakatulia. "Jamani, mmemsikia Jumbe?"

"Tumesikia!" walijibu watu wake, wamelala kifudifudi majanini. "Na sisi pia si yetu!"